Mkono wa Fundi Vuai

Haya nimeyapata kwa Bi Mize, jirani yangu wa ukuta mmoja, siku ya pili ya sikukuu iliyopita, tumekaa barazani kwangu saa tano asubuhi tunamaliza visheti vilivyobaki. Asubuhi hiyo mjukuu wangu alikuwa ameniletea kadi ya duka, ya plastiki, inang'aa. Akasema, "Bibi, utaenda ujichagulie mwenyewe." Nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati. Tangu nimeiweka nilikuwa naona kama inanitazama. Bi Mize alipoiona kupitia mlango ulio wazi aliacha kutafuna.

"Umepewa?" akaniuliza.

"Nimepewa."

"Mungu akunusuru. Mimi naijua nchi iliyopewa hivyo hivyo, nchi nzima."

Nchi yenyewe hakuitaja jina, nami sikumwuliza, maana mtu akitaja jina la nchi huitwa kueleza. Naandika alivyosema. Siijui nchi hiyo, wewe huijui, basi tusianze kutazamana.

*

Huko mke wa Mkuu wa Nchi huitwa Mama Mtukufu. Sikukuu moja akina mama wa mtaa fulani walimpelekea mkono wa sikukuu, yaani zawadi, kama mtu yeyote anavyompa mwenziwe: doti ya kanga, mpya, inanukia duka. Kwao kama kwetu, kanga isiyo na maneno ni shuka tu, na mwenye neno lake mwenyewe humwagizia mpiga chapa. Akina mama hawakuwa na kitu, na mpiga chapa alitoza kwa herufi. Wakaambulia neno moja: TUMEKUONA.

Walimaanisha tumekuona ulipopita na gari, ukatupungia, tukafurahi. Mama Mtukufu alilisoma mara moja tu, akakaa chini.

"Wameniona," akamwambia mumewe. "Wapi?"

"Labda barabarani."

"Barabarani nilikuwa nafanya nini?"

"Mke wangu, ulikuwa unapita."

"Na wewe wamekuona?"

Mkuu wa Nchi naye akakaa chini.

Kanga ikafungiwa kabatini. Mama Mtukufu akasema anaisikia ikijikunjua. Ikatiwa sandukuni, sanduku likazikwa bustanini. Baada ya mwezi mtunza bustani akaja kusema, kwa adabu, kwamba ua lililoota pale limekataa kutazama jua, limegeukia dirisha la Mama. Mtunza bustani akahamishwa. Ua likabaki.

Wale akina mama waliitwa wakaulizwa wameona nini. Wakaapa hawajaona kitu. Wakaulizwa: basi kwa nini mmeandika uongo kwenye kanga ya Mama wa Nchi? Wakakaa ndani miezi saba kwa kosa la kutoona.

*

Mwaka uliofuata, miezi mitatu kabla ya sikukuu, Waziri wa Furaha alipanda jukwaani. Mtu mnene, sauti yake ilikuwa inafika kabla yake.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Zawadi inayotoka mkononi ikaingia mkononi bila kupita serikalini, hiyo ni zawadi yatima! Haina baba, haina mlezi, haijulikani imebeba nini tumboni. Kuanzia leo, katika nchi hii, hakutakuwa na zawadi yatima!"

Makofi yalipigwa dakika kumi na moja, mbili kati ya hizo zikiwa za hiari.

Ikawa sheria. Ukitaka kumpa mtu zawadi, unaipeleka Ghala la Zawadi la Taifa. Inakaguliwa. Ikiwa na maneno, yanakaguliwa na Idara ya Maneno, yenye wakaguzi arobaini na mkasi mmoja. Wewe unapewa kadi, unampelekea mwenzio, naye siku akitaka anakwenda ghalani kuchukua. Mbele ya kadi ilikuwa picha ya Mkuu wa Nchi akicheka na neno moja kubwa: UMEPEWA. Umepewa nini, hakuna mahali pameandikwa mbele. Nyuma, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, jina la mtoaji na aina ya kitu.

Sikukuu ile watoto walipita nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya kama kawaida, wakapewa kadi za peremende. Wadogo walizilamba. Gazeti likauliza wasomaji: je, kadi ni zawadi njema? Majibu yalikuwa mawili ya kuchagua, ndiyo na ndiyo sana. Ndiyo sana ilishinda, na waliochagua ndiyo tupu wakatembelewa nyumbani.

Tatizo lilikuwa Kanuni ya Tisa. Kanuni hiyo iliandikwa na bwana mmoja aliyesoma mbali mpaka akasahau kwao wanasemaje. Aliambiwa aandike kwamba mtu akifika ghalani apewe mkono wake wa sikukuu. Yeye mkono aliojua ni huu wenye vidole. Akaandika: *Mpokeaji aje na mkono wa mtoaji.* Mkuu wa Nchi akatia sahihi, na kilichotiwa sahihi na Mkuu hakina kosa.

Basi ikawa mtu hapewi kitu mpaka aje na aliyempa, mtoaji huyo atumbukize mkono wake katika tundu la dirisha, karani autazame na kuulinganisha na alama zilizoandikwa siku ya kuleta. Shangazi mmoja alisimama foleni siku nne na mpwa wake ili mpwa apewe kikoi ambacho shangazi alikitoa mwenyewe.

"Si ungenipa tu nyumbani, shangazi?"

"Nyamaza," shangazi akamwambia. "Unataka nikupe kitu yatima?"

Wengi walichoka wakaacha. Vitu vikabaki ghalani.

*

Bi Mize hapo alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

Akasema ghala lile lilianza kuwa na watu ilhali halina watu. Mbuzi wa sikukuu walilia humo mpaka wakaacha, halafu sauti ikaendelea. Majogoo waliwika kwa zamu. Halua ikachacha, manukato yakavuja, mji mzima ukanuka harusi iliyooza. Vigoma vya watoto vilijipiga, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kabla ya kuruhusiwa. Lakini lililowashinda walinzi ni kanga. Maelfu ya doti, zimepangwa mpaka dari, kila moja na neno lake halijasomwa na mwenyewe. Alasiri upepo ukipita zilinong'ona, nong'ono la wanawake wengi nyuma ya pazia. Mlinzi wa kwanza aliomba ahamishiwe makaburini. Akaandika sababu: kuna utulivu.

Ghala hilo lilijengwa na mafundi ishirini, na mmoja wao alikuwa Fundi Vuai.

*

Fundi Vuai alikuwa mwashi, mpole, maneno machache. Mkono wake wa kushoto kidole cha shahada kilikuwa nusu, jiwe lilikichukua ujanani. Mkewe ni Bi Mwanaidi. Nyumba yao aliijenga kwa mikono yake, na siku alipomaliza kupiga lipu pembeni mwa mlango, penye tundu la komeo, saruji ikiwa bado mbichi, alibandika kiganja hicho cha kushoto akakiacha pale. "Hata nisipokuwepo, nipo," akamwambia mkewe. Wakacheka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa.

Miaka ishirini na mbili Fundi Vuai alirudi nyumbani saa kumi alasiri. Hakupiga hodi kwa mdomo, aligonga mlango kwa mpini wa mwiko wake wa uashi, mara tatu. Ko, ko, ko. Bi Mwanaidi anavuta komeo.

Ghala lilipokaribia kuisha, Waziri wa Furaha aliagiza mafundi wasitoke mpaka siku ya kufungua, wasije wakasimulia kuta zina unene gani. Wakafungiwa siku tano. Nyumbani hakuna aliyeambiwa. Bi Mwanaidi siku ya kwanza alilia, ya pili akauliza watu, ya tatu majirani wakamjibu kama majirani wanavyojibu.

"Mwanamume haibiwi na majini, shoga. Anaibiwa na mwanamke mwenzio."

Siku ya tano, saa kumi, ko, ko, ko.

"Mwanaidi. Nimerudi, nifungulie."

"Rudi huko huko ulikolala."

"Nimerudi, nifungulie. Nitakueleza."

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Alisema baadaye kwamba alikuwa anahesabu, akigonga tena mara moja nitafungua. Fundi Vuai hakugonga tena. Alikwenda kulala ghalani na mafundi wasio na kwao. Naye mke, kwa kuwa amekwisha kukasirika, hakujua namna ya kuacha.

Zilipita wiki tatu. Siku ya mkesha wa sikukuu, mchana, kadi iliteleza chini ya mlango. UMEPEWA. Nyuma: *Mtoaji, Vuai, fundi. Kitu, kanga, doti moja. Maneno yamo ghalani.*

Na siku ya pili ya sikukuu Fundi Vuai, akiziba pa kuvuja juu ya paa la ghala, alianguka.

*

Sasa katika nchi ile, sikukuu ni siku kumi, na ndani ya siku hizo kufa hakuruhusiwi, kunaharibu takwimu za furaha. Anayekaidi haandikwi amekufa. Huandikwa AMECHELEWA. Fundi Vuai alizikwa kimya kimya na watu sita, na hawakusimama sana kaburini, maana kisheria marehemu alikuwa bado yuko njiani.

Bi Mwanaidi alirudi nyumbani hajui akae vipi. Eda ya mjane? Mume hajafa, amechelewa. Halafu majirani tena: "Mtu amekununia wiki tatu, akakutumia doti kwa kadi. Hiyo si ya talaka hiyo? Neno la kusema usoni limemshinda, kaliandika kwenye pindo." Kumbe kweli, kanga yaweza kuwa ya kuagia na yaweza kuwa ya kupatania, na huwezi kujua mpaka usome. Alikuwa mjane, au ameachwa, au anasubiriwa afungue mlango. Jibu lilikuwa limekunjwa ghalani.

Na saa kumi ilipofika, jua linawaka, watoto wanacheza nje, ko, ko, ko.

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na vumbi jeupe, vumbi la chokaa, kama mtu amejikung'uta kabla ya kuingia. Akalifagia.

Kesho yake tena. Akafagia tena.

*

Alikwenda ghalani. Dirishani alikaa kijana mmoja, Karani Dadi, kalamu mbili mfukoni, masikio ameyaziba kwa pamba kwa ajili ya zile kanga.

"Mama, mkono wa mtoaji uko wapi?"

"Mwanangu, mtoaji amefariki."

Karani alifungua daftari akafuata mstari kwa kidole. "Hapana. Hapa imeandikwa amechelewa. Mtu aliyechelewa hufika. Kaa tumsubiri."

"Nimemzika mimi."

"Mama, hayo ya kwenu nyumbani. Mimi nasoma kilichoandikwa."

Akakaa. Wakamsubiri. Kila siku asubuhi alikuja akakaa benchi la mbele ya dirisha, na kila mlango wa ghala ulipolia wote wawili waligeuka kutazama. Karani alisema baadaye kuwa hilo ndilo lililomnyima usingizi. Hakujua kwa nini anageuka, lakini aligeuka.

Siku ya tisa Bi Mwanaidi akamwita. "Mwanangu Dadi, kitambaa bakini nacho. Nisomee maneno tu."

"Maneno ni siri ya nchi."

"Mimi ni mkewe!"

"Ndiyo maana yake." Akatoa pamba sikio moja, akaonekana kumwonea huruma. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Wewe leta mkono, nami nakupa doti. Mkono tu. Kanuni haikuomba mtu mzima."

Alisema kwa mzaha, ndivyo alivyojitetea baadaye. Bi Mwanaidi hakucheka. Aliaga vizuri.

*

Saa kumi ilimkuta ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Ko, ko, ko. Safari hii hakufungua. Alitazama pembeni, penye tundu la komeo, na kiganja kilikuwa pale kama kilivyokuwa miaka ishirini na mbili, vidole vinne na nusu.

"Vuai," akasema, "nikopeshe."

Alitoa tindo na nyundo za mumewe chini ya kitanda. Kazi ilimchukua siku mbili, maana mumewe hakuwa mtu wa kulipua kazi, saruji aliyochanganya yeye ilikuwa ngumu kama yeye mwenyewe. Bonge lilipotoka, lilitoka na tundu la komeo lote. Mlango ukabaki hauna pa kushika. Ukiusukuma unafunga, ukiuacha unarudi.

Alilifunga bonge kwa kitambaa safi, akalitia kapuni, akajitwika. Foleni ilikuwa ndefu, lakini watu walipomwona alivyolibeba walijisogeza ukutani na kuvua kofia. Hakuna aliyewaambia.

Karani Dadi alifunua kitambaa. Akafunika. Akafunua tena. Akafungua daftari: *Kiganja cha kushoto. Kipana. Kidole cha shahada, nusu.* Akapima kwa rula. Akasoma Kanuni ya Tisa mbele na nyuma, akitafuta mahali panaposema mkono uwe wa nyama. Hapakuwepo. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa wake, mpaka Waziri wa Furaha akaja mwenyewe, sauti ikatangulia.

"Serikali hii," akasema, huku amesimama mbali kidogo na kapu, "haijawahi kubagua mikono! Mikono laini, mikono migumu, yote ni ya taifa! Mkono umefika. Kwa hiyo mwenyewe amefika. Andika!"

Mkono ukapakwa wino wa zambarau, ukageuzwa, ukagandamizwa daftarini. Karani akakata neno AMECHELEWA kwa mstari mmoja, juu yake akaandika AMEFIKA.

Hapo ghala likanyamaza. Mbuzi, majogoo, vigoma, kanga, vyote kimya, kama watu barazani anapoingia mwenye msiba. Foleni nzima iligeuka nyuma kutazama. Waziri naye akageuka, ijapokuwa waziri hageuki.

Hawakuona kitu. Ila sakafuni, toka mlangoni mpaka dirishani, palikuwa na vumbi jeupe.

"Bonge linabaki hapa," karani akanong'ona. "Ni kielelezo."

"Baki nalo, mwanangu," Bi Mwanaidi akasema. "Usimweke pa kuvuja tu, hapendi."

*

Doti ilikuwa imefungwa gazetini, na kusoma njiani kulikatazwa. Aliifungulia kitandani. Nyekundu na nyeupe, katikati, penye mji wake, maua ya mkarafuu. Akatafuta pindo.

Idara ya Maneno ilikuwa imepita na mkasi wake. Maneno ya Fundi Vuai yalikuwa mawili. La pili lilikatwa, vipande vyote viwili, shimo la mraba safi, na pembeni muhuri mdogo: *Limeondolewa. Linaweza kuchochea wafungwa.* Likabaki la kwanza.

NIMERUDI.

Bi Mwanaidi aliingiza kidole katika lile shimo, akakipitisha taratibu toka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma. Wakaguzi arobaini, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba neno lile yeye alikwisha kulisikia, mara mbili, mlango ukiwa katikati.

"Nifungulie," akalimalizia.

Akalia kilio chake cha mjane. Sasa alijua ni cha nani.

Bi Mize anasema siku hiyo katika jumba kuu Mama Mtukufu alisinzia kitini, mgongo umeelekea dirisha. Mkuu wa Nchi akasinzia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, kila mmoja akidhani ndiye anayemlinda mwenziwe. Karani Dadi aliliweka bonge juu ya rafu ya juu kabisa, pasipovuja, akatoa pamba masikioni, akasikiliza. Kimya. Akaegemeza kichwa juu ya daftari akakoroma kazini, na kesho yake akakatwa mshahara.

Saa kumi ilifika. Bi Mwanaidi alikuwa amejilaza upande wake wa kitanda, amejifunika kipande kimoja cha ile doti. Cha pili alikitandika upande wa pili. Alisubiri. Mlango haukugongwa. Ulisogea wenyewe, pole pole, kwa kuwa haukuwa na komeo, jua likaingia mpaka katikati ya chumba, na ndani ya lile jua vumbi jeupe lilikuwa linashuka.

Alilitazama likifika kizingitini, likifika kwenye mkeka, likifika miguu ya kitanda. Hakuinuka kutafuta ufagio. Akavuta miguu yake kidogo kumpisha, akafumba macho, akalala.